Mwarobaini wa Bertrams

Asubuhi nilipowaona nyungunyungu wakihama, mama alikuwa ameshamaliza kikombe chake. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, mswaki mdomoni, nikiangalia uwanja wetu wa nyuma. Jua lilikuwa limeshatoka. Walikuwa wanatoka kwenye tuta la mboga, wembamba kwa wanene, wakijivuta juu ya saruji kuelekea upande wa geti. Saruji ilikuwa kavu. Waliotangulia walikuwa wameshakauka na kujikunja, na waliofuata wakawapita juu yao wakaendelea.

Nyungunyungu hutoka mvua ikijaza mashimo yao, hilo hata mtoto analijua. Lakini mvua haikunyesha. Ilikuwa wiki ya joto kavu, lile la Johannesburg linalopasua midomo. Nilitema dawa ya meno, nikamwita mama. Akaja akijishika ukutani, kwa maana siku hizo alikuwa hawezi kutembea bila kushika kitu. Akawaangalia kwa muda.

"Wanahamia kwa Wakongo wa nyumba ya mbele," akasema, akacheka kidogo, akarudi kukaa.

Mimi sikucheka. Niliogopa, na nilikasirika kwa sababu sikujua naogopa nini. Nilichukua ufagio nikawafagia wote, wazima na wafu, nikawarudisha kwenye tuta. Nilipotoka kwenda kazini walikuwa wameshaanza tena safari yao.

Bertrams ina nyumba za zamani za matofali ambazo kila moja imekatwa vipandevipande ili wapangaji waenee. Mimi nilipanga vyumba viwili vya nyuma. Nyumba ya mbele alikaa mama mmoja wa Lubumbashi, msusi wa nywele kule mjini, pamoja na mumewe ambaye ni mlinzi. Uwanja wa nyuma tuliutumia sote, ingawa bomba lilikuwa upande wao na kamba ya nguo upande wetu. Nilikuwa nashona mapazia katika duka moja la Randburg, natoka asubuhi, narudi jioni, na kabla mama hajaja sikuwahi kuutazama ule uwanja isipokuwa kuanika nguo.

Mama nilimleta kutoka Tanga baada ya baba kufariki. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa siku nyingi, na kwenye simu sauti yake ilikuwa inapungua. Sina ndugu mwingine wa tumbo moja. Nilijiambia kwamba akikaa mbele ya macho yangu nitamwona akila, nitamwona akimeza vidonge vyake, na atadumu. Hilo tu ndilo nililotaka, mama adumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyomtania uwanja wa ndege, naye akanijibu kwamba mwenyeji huyu amekonda hivyo, basi mgeni amechelewa.

Hakuwa hata amevua baibui alipouona mti. Uko kwenye uzio, nyuma kabisa, mkubwa, matawi yake yanapita juu ya ukuta. Alisimama dirishani akapiga makofi.

"Alhamdulillahi! Una mwarobaini nyumbani, na ulikuwa unanilalamikia kwenye simu eti huku dawa hakuna!"

Nikatazama. Majani membamba yenye meno pembeni, yamepangwa pande mbili za kikonyo, yananing'inia. Mwarobaini kabisa. Nilikuwa nimeupita miaka yote ile bila kuujua, nikaona aibu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeogeshwa maji ya mwarobaini nilipougua tetekuwanga, nimefukizwa majani yake kwa ajili ya mbu, na mti wenyewe umesimama mlangoni kwangu nautundikia kamba ya nguo.

Kulikuwa na tofauti, na tuliziona. Ilikuwa majira ya kuchanua, na maua yake yalikuwa ya zambarau. Nilimwambia mama kwamba wa kwetu huchanua maua meupe. Mtaani wakati huo mijakaranda ilikuwa imefunika kila kitu, barabara zambarau, magari zambarau.

"Nchi yenyewe hii kila kitu kinavaa zambarau," akasema. "Na mwarobaini umefuata mkumbo. Kwani wewe Tanga ulikuwa mweupe hivyo?"

Akachuma jani, akalitafuna, akakunja uso akitafakari. Akasema uchungu wake umepoa. Akasema ni baridi, baridi hulegeza dawa, hata binadamu akikaa kwenye baridi damu yake hulegea. Kwa hiyo mahali ambapo Tanga angetia kiganja kimoja cha majani, hapa alitia viwili. Baadaye akaona bado hauumi ulimi inavyopaswa, akajaza sufuria.

Wanaolijua jina la mwarobaini wanajua ni kwa nini unaitwa hivyo, unatibu maradhi arobaini. Na mama alikuwa mtu wa kutopoteza kitu. Alichemsha baada ya swala ya alfajiri, akachuja, akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni kwa ajili ya sukari. Maji yaliyobaki aliyamimina kwenye tuta alilolilima kando ya mti, alikopanda mchicha na bamia, ili wadudu wasisogee. Makapi aliyatandaza juu ya udongo. Majani mabichi aliyakatakata akayatandaza pia. Tanga alikuwa anasifika kwa mchicha, na aliniahidi kwamba Bertrams itaomba mbegu.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Viwavi waliondoka. Chawa wa mimea waliokuwa wamejaa kwenye bamia waliisha, na mama alinionyesha vikonyo safi, anageuza jani huku na huku mfano wa fundi anayeonyesha mshono. Nilifurahi kumwona anafurahi. Hata alinenepa mashavu kidogo, au niliona nilichotaka kuona.

Kisha chungu wakaondoka. Pale kwetu palikuwa na njia yao iliyotoka chini ya saruji ikapita kando ya tuta, siku zote ina msongamano. Siku moja nikaona njia imebaki tupu, mstari mwembamba tu kwenye vumbi. Sikulitilia maanani.

Wale ndege wakubwa wa kijivu wenye midomo mirefu iliyopinda, wanaoitwa hadida, walikuwa wanatua uwanjani kila asubuhi wakipiga kelele za kumwamsha maiti. Walitembea polepole, wakachoma ardhi kwa midomo, wakavuta nyungunyungu. Mama aliwaita wakaguzi. Nilianza kugundua kwamba wanalizunguka tuta. Wanafika ukingoni, wanasimama, wanageuza kichwa upande mmoja kana kwamba wanasikiliza, kisha wanageuka. Siku niliyowaona nyungunyungu wakihama, hadida mmoja alimwokota mmoja wao juu ya saruji, akamwangusha, akakung'uta mdomo wake mara nyingi, akaruka. Tangu siku ile hawakutua tena kwetu. Tuliwasikia kwa majirani.

Nilianza kuangalia vizuri, na kadiri nilivyoangalia ndivyo ngozi ilivyonisisimka. Makapi aliyotandaza mama yalikuwa hayaozi. Majani ya majuma yaliyopita yalikuwa palepale, yamekuwa ya kahawia lakini kamili, hakuna aliyeyatafuna, hakuna ukungu, hakuna tundu. Mbegu mpya za mchicha hazikuota. Nilipofukua nilizikuta zimetoa uzi mweupe mfupi, uzi ukajikunja na kusimama. Maji ukiyamwaga yalikaa juu ya udongo kwa muda, yakitetemeka, kabla ya kukubali kuingia. Na udongo wenyewe haukuwa na harufu. Udongo wowote una harufu, hata wa jangwani nadhani. Ule nilipouweka puani haukuwa na kitu, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko uvundo.

Ndani ya nyumba mama alikuwa anapungua. Alitapika asubuhi. Alisema midomo inakufa ganzi, vidole vinamchoma. Mikono ilianza kutetemeka, hata uzi kwenye sindano akashindwa kutunga, yeye aliyekuwa anatunga gizani. Nilidhani ni sukari. Nilimsihi twende kliniki, akasema kliniki watampa vidonge vilevile alivyo navyo, na kwamba anavyojisikia ni dawa inapigana na ugonjwa, dawa yoyote ya kweli huanza kwa kukuangusha. Jioni akaongeza majani kwenye sufuria.

Wakati mwingine nikiwa kwenye teksi ya kurudi kutoka Randburg nilikuwa naogopa kufika nyumbani. Nilijua nitafungua mlango na kumkuta amekaa palepale nilipomwacha. Lakini kitu kilichonitia hofu kilikuwa nje. Nilihisi kuna jambo limekuja kwenye uwanja wetu, linatembea polepole kutoka kwenye tuta, limemaliza chungu, limemaliza nyungunyungu, na sasa linakuja mlangoni.

Mama naye aliona jambo. Alisema ni mashetani ya wapangaji waliopita, hawakusoma dua walipohama. Alipomimina maji yake alfajiri alianza kusoma aya kwa sauti ya chini, akipiga ardhi kwa kiganja.

Na yule jirani wa mbele akaacha kutusalimia. Zamani tukikutana bombani aliniuliza habari za mama, akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli. Sasa alipotuona alivuta mlango. Nguo zake akaanza kuanika ndani. Asubuhi moja nikakuta chumvi imenyunyizwa kwenye mpaka kati ya upande wao na wetu, mstari mrefu mweupe. Nikasema, kumbe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi niliyokuwa sina kazi nilimkuta kabisa. Ameshika kichupa cha mafuta, anadondoshea matone ukutani, macho ameyafumba, anaomba. Nina hasira za karibu, mama alinisema nazo tangu utotoni, na siku ile sikujaribu kuzizuia.

"Wewe mama, unamwaga nini kwetu?"

Akaruka. Kisha akaweka mkono kiunoni.

"Miye? Miye njo namwanga? Maman yako njo anamwanga, kila asubui! Miye naona kwa dirisha. Maji ya mweusi, anasema-sema, anapiga chini na mukono. Udongo yote inakufa! Ata mududu moya haiko tena. Miye naombea nyumba yangu, basi. Ni kosa?"

"Mama yangu anamwaga dawa! Anamwagia mboga zake mwarobaini!"

"Mwaro nini?"

Nikamwonyesha mti kwa kidole. Akautazama, akanitazama mimi, akautazama tena. Hasira ikamtoka usoni, ikaja sura nyingine ambayo sikuipenda.

"Ile haiko dawa, dada," akasema taratibu. "Kwetu Lubumbashi ile miti iko mingi, balipanda kwa barabara. Mbuzi ya baba yangu ilikula bitunda yake. Ikatetemeka, ikaanguka, ikakufa mbele yetu. Banatukataza ata kuchezea pale. Ile ni sumu."

"Ni mwarobaini," nikasema, lakini sauti yangu niliisikia ikitoka mbali.

"Mi nilizani maman yako anajua," akasema. "Nilizani anajua na anamwanga. Njo maana naogopa."

"Anakunywa," nikamwambia.

"Anakunywa nini?"

Nilikuwa nimeshageuka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe mkononi, mvuke unapanda. Nilimwambia akiweke chini. Nilimwambia kwamba mti si mwarobaini, jirani anaujua, ni sumu. Nilisema haraka na vibaya, na nilipomaliza nikaona nimemtukana. Mama alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu nilipokuwa msichana.

"Unanifundisha mwarobaini mimi? Mimi niliyekuogesha nao? Mkongo ameweka chumvi mlangoni kwako, na yeye ndiye umemsikiliza?"

Akainua kikombe. Mikono ilikuwa inatetemeka na maji yakamwagikia kanga. Ningeweza kumnyang'anya. Nilikuwa karibu, na hakuwa na nguvu. Lakini kumnyang'anya mama yako kitu mkononi si jambo dogo kwa tuliolelewa kule, na isitoshe nilijua Jumatatu nitakwenda Randburg, na yeye atabaki na jiko, sufuria na mti. Ilibidi akiweke chini mwenyewe.

Nilitoka nje. Nilichukua jembe na beseni, nikafukua udongo wa kwenye tuta, nikajaza nusu ya beseni. Kisha nikaenda upande wa jirani, karibu na bomba, ambako maji hudondoka siku nzima, nikafukua pale. Yule mama alisimama mlangoni kwake akinitazama. Udongo wa bombani ulikuwa mweusi, unanuka mvua, na nyungunyungu walikuwa wanajipindapinda ndani yake. Niliuweka kwenye nusu ya pili ya beseni, nikaliingiza ndani, nikaliweka mapajani kwa mama juu ya kanga yake.

"Wewe ndiye unayejua udongo," nikasema. "Niambie."

Nilidhani atalisukuma. Kisha akaweka kikombe dirishani, akaingiza vidole kwenye udongo wa tuta, akaufikicha, akanusa. Akaingiza vidole kwenye udongo wa bombani, akanusa. Akarudi kwenye ule wa kwanza. Akamchukua nyungunyungu mmoja mnene kwa vidole viwili, akamweka katikati ya udongo wa tuta.

Yule mdudu aliinua kichwa. Alikigusisha kwenye udongo, akakirudisha haraka. Akajaribu upande mwingine. Hakuchimba. Alijivuta juu juu mpaka kwenye ukingo wa beseni, akapanda, akaanguka kwenye kanga ya mama, akaendelea kujivuta kuelekea goti. Mama akamwokota akamrudisha. Akafanya vilevile. Akachukua mwingine, mdogo. Huyo alitoa ute wa njano, akajikunja, akabaki amejikunja. Akachukua wa tatu akamweka kwenye udongo wa bombani, na huyo akaingia chini mara moja, akapotea.

"Tulikuwa tunatia mashudu ya mwarobaini kwenye mchicha," akasema mwishowe, na hakuwa anasema na mimi. "Mabaki ya mbegu tulizokamua mafuta. Magunia kwa magunia. Tukifukua, nyungunyungu wamenenepa, wanang'aa. Mwarobaini haumfukuzi nyungunyungu. Anaupenda."

Akalisukuma beseni polepole kutoka mapajani. Akatazama kikombe dirishani.

"Nimekunywa mwingi, mwanangu," akasema. "Nimekunywa mwingi sana."

Nilipomshika mikono ilikuwa ya baridi. Nilipiga kelele kumwita jirani, na akaja akikimbia, bado na kichupa chake cha mafuta mfukoni. Ni yeye aliyetafuta gari, ni yeye aliyevunja tawi la ule mti akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akisema daktari atataka kuona. Nyuma ya gari yeye aliomba kwa Kifaransa na Kiswahili chake, mimi nilisoma dua zangu, na mama katikati yetu alikuwa anasema midomo yake haipo, haisikii.

Hospitalini muuguzi alifungua ule mfuko, akatazama tawi, akamtazama mama.

"Eish, gogo," akasema. Gogo ndivyo wanavyomwita bibi kizee kwa Kizulu. "Mbona huu?"

Kumbe kila mtu mji ule anaujua mti wenyewe. Watoto hukatazwa matunda yake, na wenye mbwa huyafagia. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tunajua.

Nilikaa kwenye benchi la hospitali siku nyingi, na nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilijifunza kwamba miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, inafanana kama mtu na binamu yake. Nilijifunza pia kwamba mimea haikai tu. Inatoa vitu. Kutoka kwenye mizizi, kutoka kwenye majani yanayooshwa na mvua, kutoka kwenye yale yanayoanguka na kulala chini, vitu vinatiririka ndani ya udongo mchana na usiku, vingine vya kuwaita viumbe, vingine vya kuwafukuza, vingine vya kuzizuia mbegu za wengine zisiamke. Jambo lile lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimepita juu ya ardhi maisha yangu yote nikidhani imelala, kumbe chini ya viatu vyangu kuna fukuza na karibisha isiyokwisha, na wenye kuisikia ni wale wasio na masikio. Nilikumbuka kwamba chini ya mti wetu daima palikuwa peupe, hakuna jani wala nyasi, nami nilidhani ni kivuli.

Siulaumu mti. Ulikuwa pale kabla yetu, umetoa chake kidogo kidogo kwa kipimo chake, na udongo ulioko mbali kidogo na shina lake ulikuwa hai. Sisi ndio tuliochukua majani tukayachemsha, tukazidisha, tukamimina asubuhi baada ya asubuhi. Lakini nilipokuwa narudi kuchukua nguo za mama, sikupita karibu nao. Nilipita ukutani, mgongo wangu ukigusa matofali, na nilijiona mjinga, na bado nilipita hivyo.

Mama alipona. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angesema mengine. Kutapika kulikoma, ganzi ikatoka, miguu ikarudi. Jirani alikuja kila siku akitoka mjini, miguu imevimba kwa kusimama akisuka, na alimpaka mama mafuta mikononi, na mama, aliyekuwa amesema maneno yale ya chumvi, alimshika na kulia. Nilimrudisha nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu kilichokwisha kuzama. Nilikuwa nimeomba mama adumu, na mama yuko hai.

Lakini alirudi mwingine. Aliomba nimhamishie kiti upande usio na dirisha. Hakutoka nje. Jirani alipoleta sombe, mama alisogeza kijiko, akauliza ni jani gani. "Ni sombe, maman, majani ya muhogo," akaambiwa, naye akaitikia kwa heshima, akala wali mtupu. Nilinunua giligilani mjini, akaigusa, akanusa, akairudisha kwenye mfuko. Yule mwanamke ambaye Tanga watu walimletea majani kutoka mitaa mitatu awaambie ni nini, alikuwa anaogopa giligilani.

Kuna Mzanzibari mmoja anayeuza viungo mjini, kwake nilipata mchaichai mkavu. Nilimchemshia mama nikidhani harufu itamfurahisha. Nyumba nzima ilinukia. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakukiinua.

"Ni nini hiki?"

"Mchaichai, mama. Si unausikia?"

"Nausikia," akasema. "Na ule nao niliusikia. Kunywa kwanza wewe."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama, hakuwa ananitania. Nikanywa, na alinitazama koo likisogea, akanitazama usoni kwa muda kabla ya kukipokea. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Chai, supu, uji, chochote kilichopita kwenye maji, mimi naanza, tunasubiri, kisha yeye. Hatukuizungumza.

Wiki iliyopita, nikiwa nimekaa naye baada ya magharibi, kikombe kati yetu, akasema anataka kurudi Tanga.

Nilimwambia maneno yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia hospitali za huku zimemwokoa. Nilimwambia baba hayupo, nyumba imepangishwa, kule hana mtu wa kumwamsha asubuhi akizidiwa. Nilipandisha sauti. Nililia pia, sioni haya kusema.

"Kule sina mtu," akakubali. "Najua. Nitakufa mapema kule, hilo nalo najua. Lakini kule nikikanyaga chini najua ninakanyaga nini. Huku, mwanangu, mpaka nikutangulize wewe mbele yangu. Mama hamtangulizi mwanawe."

Chai ilikuwa inapoa. Nilikichukua kikombe, nikanywa mimi kwanza, nikampa.